Kabla ya Kutega au Kuvua: Mipaka na Vibali vya Hifadhi Zinazopakana na Kilolo

Kilo mbili za nyama iliyokaushwa kwa moshi, zikiwa kwenye kiroba chini ya kiti cha basi linalosimama Ilula, zinatosha kumfikisha abiria mahakamani kwa kosa la uhujumu uchumi. Haijalishi kama yeye hakuwahi kushika mkuki wala kuingia porini. Haijalishi pia kama nyama hiyo alipewa na shemeji yake kama kitoweo cha safari. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawahesabu wanyamapori kuwa mali ya umma, na kila sehemu ya mnyama, iwe pembe, ngozi, kwato, manyoya, yai au nyama, inaitwa nyara ya Serikali. Anayekutwa na nyara bila hati inayomruhusu kuwa nayo ana kosa, na adhabu yake kwa makosa mengi ya namna hiyo ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30.

Wananchi wengi husikia adhabu hiyo na kudhani inawahusu majangili wa tembo peke yao. Jambo lisilofahamika ni namna thamani ya nyara inavyohesabiwa. Afisa wa wanyamapori anapoitwa kutathmini nyama iliyokamatwa, hapimi kilo kama muuza bucha. Huangalia nyama hiyo ni ya mnyama gani, kisha huandika thamani ya mnyama mzima, kwa sababu pande hilo lisingepatikana bila mnyama huyo kuuawa. Katika viwango ambavyo vimetumika mahakamani kwa miaka mingi, nyati mmoja amehesabiwa kuwa na thamani ya dola 1,900 za Marekani na swala pala mmoja dola 390. Kwa hiyo mguu mmoja wa swala ni swala mmoja. Mtu aliyenunua nyama kwa elfu chache njiani hujikuta akijibu shtaka lenye thamani ambayo hakuwahi kuishika mkononi maisha yake yote.

Si kwamba nyamapori imepigwa marufuku kuliwa. Kanuni za Biashara ya Nyamapori za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha yenye leseni kuuza nyama hiyo, na mnunuzi anayetoka na stakabadhi ya bucha la namna hiyo hana la kuogopa. Tofauti kati ya mlo halali na kesi ni karatasi hiyo moja, nayo itunzwe mpaka nyama iishe. Muuzaji wa pikipiki anayefika jioni na mzigo uliofunikwa majani hana karatasi ya kumpa mtu yeyote, na hatarudi kumtetea mteja wake mbele ya hakimu.

Ardhi ni ya nani?

Swali la kwanza ambalo mtu anayetaka kuwinda au kuvua anapaswa kujiuliza linahusu ardhi anayosimama kabla ya mnyama anayemtaka. Wilaya ya Kilolo imezungukwa na maeneo yanayosimamiwa na mamlaka tofauti kwa sheria tofauti, na mpaka baina yao mara nyingi ni mto, kilele cha kilima au jiwe la alama lililofunikwa na majani.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990, ilianzishwa mwaka 1992 na iko katika mikoa miwili ya Iringa na Morogoro. Inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Ndani yake hakuna leseni ya kuwinda kitoweo, na hakuna ofisi inayoweza kuitoa. Hata kuingia tu bila kibali ni kosa. Mtu akikutwa humo na mkuki, upinde, panga au nyaya za kutegea, sheria inamtaka yeye mwenyewe atoe maelezo ya kuridhisha kwamba hakukusudia kuwinda. Vijana wanaokatiza hifadhi ili kufupisha njia wakiwa na mapanga ya shambani wanaingia katika mtego huo bila kujua, na kauli ya “nilikuwa napita tu” ni dhaifu sana ikiwa njia ya halali ipo. Mbwa naye haruhusiwi kuingizwa hifadhini.

Magharibi mwa hifadhi hiyo upo msitu wa Ndundulu, karibu na Udekwa, ambao ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero iliyotangazwa mwaka 2007. Hapo msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na sheria inayotumika kwanza ni Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Wapo wanaosema, “Hapa ni msitu, si hifadhi ya wanyama,” kana kwamba funo aliyelala chini ya mti wa Wakala wa Misitu hana mwenyewe. Msitu wa hifadhi nao hauruhusu kuwinda wala kuvua bila kibali, na Sheria ya Wanyamapori inamfuata mnyama popote alipo, ikiwemo katika shamba la mtu binafsi.

Aina ya tatu ya eneo iko upande wa pili wa mkoa, katika tarafa za Idodi na Pawaga, wilayani Iringa. Huko vijiji 21 viliunda jumuiya ya MBOMIPA, na eneo lao likatangazwa rasmi mwaka 2007 kuwa la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika eneo la namna hiyo uwindaji unaweza kufanyika kwa mgawo wa wanyama uliopangwa na Serikali, na mapato yanarudi vijijini. Mkazi wa kijiji mwanachama hapati kwa uanachama huo haki ya kutega anapotaka. Anachopata ni sauti katika kikao cha kuamua matumizi ya mapato, jambo ambalo, kwa kweli, lina faida ya muda mrefu kuliko paja la swala.

Mapori ya akiba, kama Mpanga-Kipengere katika mikoa ya Njombe na Mbeya, yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Humo nako hakuna kuingia wala kuwinda bila kibali cha maandishi.

Leseni inasema nini

Kibali cha kuwinda si jambo geni katika nchi hii. Utawala wa Wajerumani ulitoa amri ya kudhibiti uwindaji mwaka 1896, na tangu wakati huo kila serikali iliyofuata imedai karatasi. Leseni ya leo hutaja jina la mwenye leseni, aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Leseni ya nyumbu haiui pofu, na leseni ya eneo moja haivuki mto kwenda eneo jingine. Msimu wa uwindaji huanza Julai 1. Silaha lazima iwe na kibali chake peke yake, kwa kuwa leseni ya kuwinda haihalalishi gobore lisilosajiliwa.

Hata mwenye leseni amefungwa mikono katika mbinu. Haruhusiwi kuwinda usiku kwa taa, kufukuza wanyama kwa gari, kuchimba mashimo, kuweka sumu, kuwasha moto wala kutega vitanzi. Kitanzi cha waya ndicho kinachohitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachotumika sana katika misitu ya milimani na ndicho wengi wanachokiona kuwa kidogo. Waya haumtambui mnyama. Umetegwa kwa ajili ya nguruwe pori, lakini unamkamata mindi, swala wa msituni asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani. Mtegaji anaweza kuugua au kusafiri, na waya unabaki ukiua wanyama wanaooza bila kuliwa na mtu.

Misitu ya Udzungwa ina viumbe ambao hata wataalamu wamewafahamu juzi tu. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wamepiga kambi Ndundulu waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mboga, na hawakuweza kuitambua. Ndege huyo alikuwa kwale wa Udzungwa, ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika bado. Alielezwa rasmi mwaka 1994. Mwaka 2004 nyani aina ya kipunji alionekana katika msitu huo huo, baada ya watafiti wa Rungwe kusikia habari zake mwaka mmoja kabla kutoka kwa wawindaji wa huko. Mwaka 2008 akaelezwa sengi wa Udzungwa mwenye uso wa kijivu, mnyama anayetembea ardhini na kunaswa kwa urahisi na waya uliotegwa kwa ajili ya wengine. Kitoweo cha siku moja kingeweza kuwa cha mwisho wa aina yake, na mpishi asingejua.

Samaki naye ana mpaka

Mto Ruaha Mkuu unapita upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Udzungwa. Mvuvi wa Ruaha Mbuyuni anaweza kuwa halali asubuhi na mkosaji mchana, akiwa na wavu ule ule na leseni ile ile, kwa sababu tu amefuata samaki mpaka ndani ya hifadhi. Leseni ya uvuvi inayotolewa na Halmashauri chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 haimpi mtu ruhusa ya kuvua ndani ya Hifadhi ya Taifa. Nje ya hifadhi, anayevua kwa biashara anahitaji leseni yake mwenyewe, na chombo chake kinahitaji kusajiliwa. Taratibu hizo hizo zinawahusu wanaokwenda kuvua perege na kambale katika Bwawa la Mtera, lililojengwa kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme.

Zana zilizokatazwa zinafahamika kwa majina: kokoro, nyavu za timba, baruti na sumu. Katika sumu yamo pia majani ya utupa, yaliyotumiwa na wazee kulevya samaki mtoni. Lakini hatari kubwa zaidi kwa Ilula ni dawa za kilimo. Eneo hili linaishi kwa nyanya na vitunguu, na hakuna kaya ya mkulima isiyo na chupa ya kiuatilifu. Dawa hiyo ikimwagwa mtoni ili kupata samaki, inaua mayai, vifaranga na wadudu wanaoliwa na samaki, kisha inashuka na maji mpaka kwenye ndoo za walio chini. Mtu anayekula samaki huyo anakula dawa ile ile ambayo lebo yake inamtaka avae glavu kuishika.

Mnyama anapovuka yeye

Wakulima wa Mahenge, Mtandika na Nyanzwa wana malalamiko ya haki. Binadamu anakatazwa kuvuka mpaka, lakini tembo huvuka usiku na kumaliza bustani ya vitunguu iliyokopewa mbolea. Sheria inamruhusu mtu kujitetea pale maisha yake yanapokuwa hatarini. Haimruhusu kutega au kuweka sumu mapema kwa hofu ya mnyama ambaye huenda akaja. Mnyama akiuawa katika kujitetea, mzoga ni wa Serikali, na taarifa itolewe mara moja. Kugawana nyama kwanza na kutoa taarifa baadaye kumewageuza watu waliokuwa na utetezi mzuri kuwa washtakiwa.

Kwa hasara ya mazao yapo malipo ya kifuta jasho, na kwa kifo au majeraha kipo kifuta machozi, chini ya kanuni za mwaka 2011. Malipo haya si fidia, na jina lake linasema hivyo wazi. Mkulima asitarajie bei ya soko ya gunia la vitunguu. Masharti yake ndiyo yanayowakosesha wengi. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi. Ekari zinazohesabiwa hazizidi tano hata kama tembo wamemaliza kumi. Aliyejeruhiwa akiwa ndani ya hifadhi kinyume cha sheria halipwi. Na shamba lililolimwa upya kabla afisa hajafika kulipima halina ushahidi tena.

Kwa hiyo anayevamiwa aache shamba kama lilivyo, apige picha kwa simu akiweza, na amjulishe mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo ili taarifa imfikie afisa wanyamapori wa wilaya. Fomu za madai hujazwa katika Kitengo cha Maliasili na Hifadhi ya Mazingira cha Halmashauri. Leseni za uvuvi zinashughulikiwa na Idara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Asiyejua kama shamba lake au sehemu anayovulia iko ndani au nje ya mpaka anaweza kuuliza katika ofisi ya kijiji, au kwa askari wa hifadhi katika kituo cha Msosa, kabla ya kubeba wavu. Kuuliza hakuna ada.