Miche ya Dalia Itokayo kwa Mbegu

Apandaye kiazi cha dalia hujua rangi atakayoipata. Apandaye mbegu hajui. Maua haya, ambayo mbegu zake zilitoka Meksiko zikafika Madrid mwaka 1789, yamechanganywa mno na watunza bustani, hata mbegu za ua moja jekundu zaweza kuleta meupe, ya manjano na ya zambarau. Mengi huwa hafifu, machache humpita mama yao. Kwa hiyo haifai kung'oa mche wo wote kabla haujachanua.

Miche ikifikia inchi 4 hivi, ihamishwe kutoka kitaluni mpaka penye jua na udongo usiotuamisha maji, mvua za masika zikiisha kushika. Kati ya mche na mche iachwe futi moja na nusu. Kijiti cha kuuegemeza kisimikwe siku ile ile, maana kikipigwa baadaye huchoma viazi vichanga. Samadi ikizidi, huleta majani mengi na maua haba. Adui mbaya ni sota, wakatao shina usiku. Asubuhi wafukuliwe kando ya mche ulioanguka, wauawe. Jozi ya nne ya majani ikitokea, ncha ikatwe ili matawi yatoke.

Mche upendezao ufungiwe alama ukiwa bado na ua, kwani majani yakikauka dalia zote hufanana. Wakati wa kugawanya viazi vyake, kila kipande kiwe na jicho, nalo huwa shingoni karibu na shina, si mwilini kama la kiazi cha kula. Kipande kisicho na jicho hakioti, hata kiwe kinene namna gani. Chenye jicho kitaleta ua lile lile msimu ujao.