Kopo Likipigwa Teke

Katika shule nyingi za msingi Tanzania, kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Ikigongwa ya mapumziko, uwanja mzima vumbi!

Wasichana walikimbilia rede: wawili wanarusha mpira wa soksi kuukuu, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa.

Lakini kwa kukimbizana, kombolela, mchezo wa kujificha unaochezwa kwa kopo, haina mpinzani. Anayetafuta akimwona aliyejificha, humtaja jina, kisha wote wawili mbio kuliwahi kopo. Anayetafuta akizidiwa, kopo hupigwa teke, wote waliokwisha kukamatwa wanakuwa huru, naye anaanza upya. Mtoto asiye na mbio aliweza kumaliza mapumziko yote akiokota kopo lile lile, jasho likimtiririka, wenzake wakimcheka nyuma ya madarasa.

Gharama ya mchezo? Kopo tupu la maziwa ya unga.