Mwalimu Amu na Nyimbo za Kwao

Msomaji mpenzi, ukisimama kanisani na kitabu cha nyimbo mkononi, je, umepata kujiuliza tuni ile imetoka wapi? Mwalimu Ephraim Amu wa Ghana alijiuliza hivyo, na kujiuliza huko kukampotezea kazi.

Alizaliwa Peki mwaka 1899, katika kabila la Waewe. Alisomea ualimu Abetifi, na mwaka 1926 akaanza kufundisha katika chuo cha waalimu cha Kanisa la Presbiteri, Akropong. Huko akaona kasoro moja. Katika Kiewe na Kitwi, neno likitamkwa kwa sauti ya juu lina maana yake, likishushwa lina maana nyingine. Basi maneno hayo yakitiwa katika tuni za Ulaya, maana huharibika.

Amu akatunga nyimbo za kanisa ambazo sauti hufuata matamshi ya maneno, na mapigo hufuata ngoma za kwao. Akawafundisha wanafunzi kupuliza filimbi za mianzi ziitwazo atenteben. Tena akapanda mimbarini kuhubiri, hakuvaa koti na tai, bali nguo ya kujitanda kama wazee wake. Wakuu wa kanisa hawakupendezwa, na mwaka 1933 akaondolewa chuoni.

Wengi wetu tungeliacha Kanisa kwa uchungu. Yeye hakuliacha. Alikwenda kufundisha Achimota, akaendelea kutunga nyimbo za kumsifu Mungu. Mwaka 1937 alikwenda London kusoma muziki katika Royal College of Music. Utaalamu aliopata huko hakuutumia kuwaiga Wazungu. Alirudi nao kuwatumikia watu wake.

Wimbo wake "Yen Ara Asaase Ni", yaani "Hii ndiyo nchi yetu wenyewe", alioutunga mwaka 1929, huimbwa Ghana nzima kama wimbo wa pili wa taifa. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Ghana kilimpa heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1995, mwenye umri wa miaka 95.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Pengine katika kwaya yenu yuko kijana aliyeleta wimbo wenye mapigo ya kijijini, na wazee wamekunja uso. Ndugu msomaji, kabla hamjamnyamazisha, mpeni nafasi aimbe mpaka mwisho.