NDIGANA: JINA MOJA, MARADHI MAWILI

Wafugaji wa Tanzania na wa Kenya wanapokutana mnadani karibu na mpaka hawahitaji mkalimani wa kuuziana ng'ombe. Lugha ni moja, desturi za biashara zinafanana, na mara nyingi hata koo ni zile zile. Hata hivyo liko neno moja ambalo wote hulitumia, nalo huweza kuwafanya wadhani kuwa wameelewana kumbe kila mmoja ana lake moyoni. Neno hilo ni ndigana.

Katika Kiswahili cha mabwana mifugo, ndigana ni mbili. Iko ndigana kali, na iko ndigana baridi. Zote mbili huletwa na kupe, zote humtia ng'ombe homa, na katika zote mnyama huacha malisho na kubaki nyuma ya wenzake. Hapo ndipo mfanano unapoishia. Vijidudu vya maradhi haya mawili si vya jamii moja, haviishi katika sehemu moja ya damu, wala haviuliwi na dawa moja. Mfugaji anayekwenda dukani na kuomba dawa ya ndigana, bila ya kuongeza neno la pili, anaweza kurudi nyumbani na dawa nzuri, halali, isiyoisha muda wake, na ng'ombe akafa vile vile.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kuyatazama maneno machache ambayo elimu ya maradhi ya wanyama husimama juu yake. La kwanza ni dalili, yaani kile kinachoonekana kwa mnyama aliye hai: homa, kikohozi, machozi, mwendo wa kuyumba. La pili ni athari, yaani alama ambayo ugonjwa huiacha katika kiungo, na ambayo mara nyingi haionekani mpaka ngozi ipasuliwe: tezi iliyovimba, pafu lililojaa maji, ini lililogeuka rangi. La tatu ni kisababishi, ambacho ni kijidudu chenyewe, na la nne ni mwenezaji, ambaye katika habari hii ni kupe. Ugonjwa unaweza kupewa jina kutokana na lolote kati ya hayo manne, au hata kutokana na mahali ulipoonekana kwanza, na jina hilo likamwelekeza mtu kwenye ukweli au likampoteza njia.

Ndigana kali huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia ambaye hupenda kukaa sikioni mwa ng'ombe. Kijidudu chake, kiitwacho theileria, huingia katika chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Hakiziui mara moja. Huzifanya zizaane pasipo kipimo, karibu sawa na mwenendo wa saratani, na kila chembe inapogawanyika, kijidudu nacho hugawanyika pamoja nayo. Ndiyo sababu dalili ya kwanza iliyo wazi ni kuvimba kwa tezi iliyo chini ya sikio, yaani jirani na pale kupe alipong'ata, kisha tezi ya mbele ya bega. Homa hufuata na kupanda hadi nyuzi 40 na zaidi. Mwishoni ng'ombe hukohoa, hupumua kwa taabu na kutoa povu puani, kwa kuwa mapafu yamejaa maji. Mnyama huyo, kwa hakika, hufa kwa kuzama akiwa juu ya nchi kavu.

Ndigana baridi ni jambo jingine kabisa. Kijidudu chake, anaplazma, hukaa katika chembe nyekundu za damu, na mwili unapoziondoa chembe hizo zilizoshambuliwa, ng'ombe hupungukiwa na damu. Ufizi na ngozi laini ya ndani ya kope hupauka, kisha huweza kugeuka manjano. Kinyesi huwa kikavu na kigumu. Tezi hazivimbi kama za ndigana kali, wala hakuna povu. Mfugaji aliyezoea anaweza kutofautisha maradhi haya kwa kumshika mnyama chini ya sikio na kumfunua kope, na wako wazee katika nchi zote mbili wafanyao hivyo bila ya kuwahi kuingia darasani.

Dawa nazo zimetengana. Oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wengi huijua kwa rangi yake ya manjano na kwa bei yake nafuu, huitibu ndigana baridi. Kwa ng'ombe ambaye tayari anaumwa ndigana kali, dawa hiyo haitoshi. Huyo huhitaji buparvakwoni, ambayo ni ghali zaidi na ambayo nayo husaidia ikiwa tu imetolewa mapema, kabla mapafu hayajaharibika. Siku mbili au tatu zinazopotea kwa kujaribu dawa ya ndigana ile nyingine ndizo siku ambazo ng'ombe angeweza kuokolewa.

Panapokuwa na shaka, mganga wa mifugo hutumia kioo na darubini. Kwa ndigana kali huchoma sindano katika tezi iliyovimba na kupaka umajimaji wake juu ya kioo. Kwa ndigana baridi hupaka tone la damu. Tofauti hiyo ndogo ya mahali pa kuchoma sindano ina maana kubwa, kwani mwanzoni mwa ndigana kali mtu anaweza kuitazama damu peke yake na asione kitu.

Ng'ombe akisha kufa, mzoga wenyewe husema. Katika ndigana kali, bomba la hewa liendalo mapafuni hukutwa limejaa povu jeupe, mapafu ni mazito yenye maji, tezi zimevimba, na katika tumbo la nne huweza kuonekana vidonda vidogo vidogo. Katika ndigana baridi nyama na mafuta huwa na umanjano, damu ni nyepesi, mfuko wa nyongo umetuna kwa nyongo nzito, na wengu, ambao wengine huuita bandama, umevimba. Lakini hapa ipo tahadhari isiyofaa kupitwa. Wengu huvimba vile vile katika kimeta, na kimeta huua binadamu. Ng'ombe aliyekufa ghafla, huku damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, hapasuliwi na mtu yeyote kwa ajili ya kutafuta athari. Huachwa mzima, hufukuziwa mbwa na tai, na bwana mifugo huitwa.

Yako maradhi mengine mawili ya kupe ambayo majina yake ya Kiswahili yamefanya kazi nzuri zaidi kuliko ndigana. Mkojo mwekundu umepewa jina kwa dalili yake: kijidudu cha babesia hupasua chembe nyekundu ndani ya mishipa, na rangi ya damu hutoka na mkojo. Maji moyo umepewa jina kwa athari yake, kwa sababu mfuko unaozunguka moyo hukutwa na maji. Jina la kwanza humfaa mchungaji aliye machungani, na la pili humfaa anayechinja. Nao Wamaasai wa pande zote mbili za mpaka, ambao ndigana kali huiita oltikana, wanalo neno ormilo kwa ng'ombe anayezunguka-zunguka kama aliyepotewa na akili. Wataalamu walipochunguza bongo za ng'ombe wa namna hiyo walikuta mishipa midogo ya damu imezibwa na chembe nyeupe zilizobeba vijidudu vya jamii ya theileria. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuutenga ugonjwa huo na mwingine kwa kuutazama mwendo wa mnyama tu.

Wenye elimu ya vitabu nao wamewahi kupotezwa na majina, na hasara yake haikuwa ndogo. Mwaka 1896 sotoka ilifagia ng'ombe kusini mwa Afrika. Ili kujaza mazizi matupu, ng'ombe waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki na kuteremshwa Beira, Msumbiji. Mnamo mwaka 1902 ng'ombe wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walianza kufa kwa wingi. Waganga wa huko walidhani ni mkojo mwekundu uliozidi ukali, wakauita hivyo, ingawa ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kuuzoea mkojo mwekundu na hawakupaswa kufa namna ile. Mtaalamu wa Kijerumani, Robert Koch, ambaye katika mwaka 1897 alikuwa Dar es Salaam na kuviona vijidudu vya aina hiyo katika damu ya ng'ombe wa pwani bila ya kuvitambua, aliitwa Rhodesia mwaka 1903. Ni Arnold Theiler, aliyefanya kazi Pretoria, aliyeonyesha kuwa huo ni ugonjwa wa peke yake, na kijidudu kikapewa jina lake. Mwaka 1904 Charles Lounsbury wa Rasi alithibitisha kwamba mwenezaji ni yule kupe wa kahawia. Ugonjwa nao ukaitwa homa ya pwani ya mashariki, jina linalotaja alikotoka mgeni, na ambalo halimwambii mwenye ng'ombe hata jambo moja la kutazama.

Wakati huo huo, nchini Uganda, wafugaji waliujua ugonjwa wa ndama walioita amakebe, na wageni wakaudhani kuwa ni ugonjwa wa Uganda peke yake. Mwaka 1910 David Bruce na wenzake walionyesha kuwa amakebe ni ile ile homa ya pwani. Kusini nako majina yaliongezeka: ule unaotokana na nyati uliitwa kwa jina la ushoroba ulio kati ya hifadhi mbili za wanyama katika Natal, na ule wa Zimbabwe ukaitwa ugonjwa wa Januari kwa sababu ya msimu wake wa mvua. Vitabu vikafuata kwa kukigawa kijidudu kimoja katika majina matatu, mpaka mwaka 1989 wataalamu waliposhauri mgawanyo huo uachwe, kwa kuwa tofauti kubwa haikuwa ya kijidudu bali ya mnyama alikotoka, ng'ombe au nyati.

Kwa hiyo upande mmoja kuna ugonjwa mmoja wenye majina matano au sita, na upande mwingine kuna jina moja lenye magonjwa mawili. Katika hali zote mbili anayelipa ni mfugaji, lakini hali ya pili ndiyo yenye hatari zaidi leo, kwa sababu ya chanjo.

Chanjo ya ndigana kali ni kazi ya ujirani. Ilibuniwa Muguga, Kenya, katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, miaka michache kabla Jumuiya hiyo haijavunjika mwaka 1977. Ndani yake mna mbegu tatu za kijidudu: moja ya Muguga, moja ya Kiambu, na moja iliyotokana na nyati wa Serengeti, Tanzania. Ng'ombe huchomwa vijidudu hai, na saa ile ile huchomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ili ugonjwa upite bila ya ukali na kinga ibaki. Baadaye utengenezaji wake ulihamia Lilongwe, Malawi. Zambia kwa upande wake ilichagua kutumia mbegu za nyumbani kwake, ile ya Katete katika jimbo la Mashariki na ile ya Chitongo katika jimbo la Kusini, kwa kuhofia kuingiza aina ngeni. Na hofu hiyo si ya kubezwa, kwani vijidudu vinavyochomwa ni hai.

Chanjo hiyo huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi kali mno. Kichupa kimoja hutosha ng'ombe wengi, na kikisha kuyeyushwa hakirudishwi. Hutumiwa siku hiyo hiyo. Hivyo wafugaji hulazimika kukusanyika na kuchanga, na ng'ombe aliyechanjwa huweza kuvikwa hereni sikioni. Miongoni mwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania hereni hiyo imekuwa ikimwongezea mnyama bei sokoni, na wanunuzi kutoka Kenya huijua.

Ugumu huja pale ng'ombe mwenye hereni anapokufa kwa ndigana baridi. Chanjo haikuahidi kumlinda na hiyo, lakini mwenyewe aliambiwa kwamba ni chanjo ya ndigana, na ndigana imemuua. Habari hiyo huvuka mpaka haraka kuliko ng'ombe, na safari ifuatayo kichupa kinapofunguliwa, wachangaji huwa wachache na dozi zilizosalia humwagwa. Mabwana mifugo wenye busara hawabishani na mwenye mali. Wakiisha kuhakikisha kwamba hakuna dalili ya kimeta, humwomba ruhusa ya kuupasua mzoga mbele ya majirani, wakaanza na bomba la hewa ambalo halina povu, kisha wakafungua mfuko wa nyongo, na kumwacha kila mtu aitazame rangi ya mafuta kwa macho yake.