Taa za mchana: pikapu isiyosikia swichi

Mwenye Chevrolet Silverado ya zamani huko Marekani hujikuta na swali ambalo mwenye lori kuukuu la Fuso hajawahi kujiuliza: taa hizi zinazimwaje? Jua liko utosini, swichi kaizungusha, na taa za mbele bado zinawaka. Gari halijaharibika. General Motors (GM), yenye chapa ya Chevrolet, ilianza kuyafungia magari yake taa za mchana katika matoleo ya 1995, baada ya serikali kuziruhusu nchi nzima mwaka 1993, na kwa makusudi hazikuachiwa swichi. Katika baadhi ya magari balbu mbili za fulu huunganishwa mfululizo, kila moja ikapata nusu ya volti za betri. Ndiyo maana mwanga wake ni wa manjano, umefifia.

Asili yake ni kaskazini ya mbali, ambako wakati wa baridi jua halipandi sana hata saa sita mchana, na gari la rangi ya lami hupotea machoni. Sweden iliamuru madereva wawashe taa mchana mwaka 1977. Canada ikataka gari lijiwashie lenyewe: kila gari jipya lililotengenezwa kuanzia Desemba 1, 1989. Ulaya ilianza na magari madogo Februari 2011, malori na mabasi yakafuata Agosti 2012. Marekani inaruhusu tu. GM iliiomba serikali mwaka 2001 izifanye za lazima kwa wote, na mwaka 2009 ombi likakataliwa.

Basi Mmarekani akitaka kuzima, si mkorofi. Mwindaji anayeingia porini alfajiri hataki kumulika mawindo. Anayefika geti la kambi ya jeshi huambiwa apunguze taa ili mlinzi amwone uso. Halafu kuna sinema za kutazama ukiwa ndani ya gari. Wazee wa Dar es Salaam waliokwenda Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, hawahitaji kuelezwa kwa nini taa zizimwe.

Kwa shughuli fupi za namna hiyo dawa imo garini, na vitabu vya mwongozo vya pikapu nyingi za zamani za GM vinaitaja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki ya kuegesha, ile pedali ndogo iliyo kushoto kabisa, ndipo uwashe gari. Taa za mchana hazitawaka mpaka uiachie. Wajanja huikanyaga kidogo tu, taa ya onyo ikiwaka wanaondoka nayo hivyo hivyo. Huko ni kujitafutia kuunguza breki za nyuma.

Wengine hung'oa fyuzi au relei kabisa. Kwa ndugu zetu wanaoendesha Canada, hilo si la kujaribu. Hata Marekani sioni faida yake: taa hazikuwekwa ili wewe uone, bali anayekuja mbele yako akuone mapema kabla hajaamua kumpita mwenzake.

Lawama ya haki iko nyuma ya gari. Taa za mchana nyingi huwaka mbele tu. Magharibi ikiingia, dereva anaona mwanga mbele yake, dashibodi inang'aa, anaridhika. Kumbe mkiani ni giza tupu na lori linamjia kwa kasi. Canada ililishughulikia hilo Septemba 2021. Gari jipya sasa liwashe taa za nyuma pamoja na za mchana, au lijiwashie taa zote giza likiingia, au dashibodi ibaki giza ili dereva ashtuke. Hilo la tatu ndilo linalonipendeza, maana asiyeona spidi yake atatafuta swichi upesi.

Pikapu nyingi za zamani hazina hata moja kati ya hayo matatu. Mvua ikinyesha au jua likizama, dereva awashe taa za kawaida kwa mkono wake. Na aliyeng'oa relei mwaka jana akasahau, siku hiyo hata mbele hana taa.