Dawa ya chunusi haitaki pupa

Je, umetupa dawa ya chunusi baada ya juma moja ukidhani haifai? Usiharakishe. Nyingi huchukua majuma 6 hadi 8 kabla ya kuleta nafuu.

Ukitumia benzoili peroksaidi, anza na ya asilimia 2.5, kiasi kidogo, mara moja kwa siku. Ukizidisha, ngozi hukauka na kuwasha. Dawa hii pia hupausha taulo na foronya.

Epuka mafuta ya kujichubua yenye steroidi. Chunusi huonekana kupungua, kisha hufumuka upya.

Nawe mama mjamzito, au unayetarajia mimba, usimeze kamwe isotretinoini, kwani huweza kumlemaza mtoto tumboni. Chunusi zikiacha makovu, muone daktari mapema.