Joto la Sauti Katika Vinanda vya Kompyuta

Kwa muda mrefu sasa yamekuwa yakisikika barazani malalamiko kwamba muziki unaotengenezwa na vijana wetu kwa kompyuta hauna joto. Wasemao hivyo hawakosei katika kile wanachokisikia. Sauti za fidla, za besi na za kinanda zinazotoka katika programu nyingi hufika sikioni zikiwa safi, zimenyooka, lakini hazimwiti mtu. Walakini, pale wanapohitimisha kwamba kosa ni la kompyuta yenyewe na kwamba dawa yake ni kurejea kwenye mitambo ya zamani, hapo hatukubaliani nao. Na kwa kuwa jambo hili linagusa mifuko ya vijana, na vilevile fedha za vyombo vya umma vinavyofundisha muziki, yafaa lielezwe kwa kirefu.

Maneno analojia na dijitali yalizoeleka kwetu tangu tarehe 31 Desemba 2012, Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya mfumo wa zamani, na wengi wetu tuliyaelewa kwa maana ya king'amuzi na gharama zake. Katika muziki maana yake ni hii. Sintesaiza ni kinanda ambacho sauti yake huzaliwa na umeme, bila ya nyuzi wala mifuo. Katika sintesaiza ya analojia, umeme wenyewe hupanda na kushuka kwa mfano wa wimbi la sauti, ukapita katika chujio la kupunguza ukali, kisha ukakuzwa hadi kwenye spika. Katika ile ya programu, ambayo haina umbo lolote nje ya kompyuta, wimbi hilo huhesabiwa kwa tarakimu, kwa kawaida mara 44,100 au zaidi katika kila sekunde, na umeme huja mwishoni tu.

Robert Moog, fundi wa Kimarekani, aliuonyesha mtambo wake wa kwanza mwaka 1964. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, nayo ndiyo iliyoizoesha dunia ile sauti nene ya besi ambayo hadi leo watu wanaitafuta. Ndani yake mna osilata tatu, yaani vyanzo vitatu vya mawimbi, na chujio moja lililoundwa kwa transista zilizopangwa mfano wa ngazi. Transista ni kitu kisichotulia mbele ya joto. Chumba kikipata moto, noti nazo huhama. Mpigaji alilazimika kuuwasha mtambo mapema kabla ya onyesho, na hata hapo alikuwa akiurekebisha katikati ya muziki, kama mpiga udi anavyohangaika na nyuzi zake katika unyevu wa masika. Mafundi wa wakati ule waliliona jambo hilo kuwa ni dosari tupu, wakajitahidi miaka mingi kuiondoa.

Dosari hiyo ni sehemu kubwa ya joto tunalolizungumzia. Osilata tatu zikiambiwa zitoe noti moja, hazipatani sawasawa hata siku moja. Kila moja huyumba kwa njia yake, kidogo kidogo. Msomaji anayetaka kulielewa hili bila ya mtambo wowote na aisikilize kanuni, ile ala ya taarab inayolazwa mapajani. Kila noti ya kanuni ina nyuzi tatu. Mkazaji wake awe hodari namna gani, nyuzi hizo tatu hazibaki kuwa kitu kimoja, na mng'aro ule tuupendao unatoka katika kutopatana huko. Ndivyo zilivyo pia fidla za kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905: fidla nyingi katika mstari mmoja wa wimbo, kila mkono na tabia yake. Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Wanamuziki huigawa nusu toni katika mafungu 100 yaitwayo senti. Noti moja ikitikisika mara 440 kwa sekunde, na mwenziwe ikiwa juu yake kwa senti 5, hiyo ya pili itatikisika mara 441 na kitu. Zikisikika pamoja, sauti hujaa na kupwa mara moja na ushei kila sekunde. Sikio haliihesabu kama kosa, linaisikia kama uhai.

Sehemu ya pili ya joto hilo imo katika chujio na kikuza sauti. Umeme ukisukumwa kwa nguvu, ngazi ile ya transista haiukati ghafla. Hushiba taratibu, ikazilainisha ncha za wimbi na kuzaa sauti ndogo ndogo nyingine juu ya noti ya asili. Mtu mwenye kuimba kwa kifua chake chote hufanya jambo linalokaribiana na hilo.

Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa DX7, kinanda cha dijitali kilichojengwa juu ya ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Noti zilitulia tuli, na mtambo haukuhitaji kungojwa upate moto. Wapigaji walifurahi, na wengi wakaiuza mitambo yao ya zamani kwa bei ya kutupa. Baadaye wakaanza kuitafuta tena, na leo Minimoog ya miaka ya 1970 huuzwa nchi za nje kwa fedha zinazoweza kununua gari lililotumika. Waundaji wa programu nao walikuwa kazini. Mwaka 1997 kampuni ya Propellerhead ya Uswidi ilitoa ReBirth, iliyoiga mitambo ya Roland TB-303 na TR-808; na mwaka 2011 ikatoka Diva ya u-he, kampuni ya Berlin, ambayo hukadiria mwenendo wa saketi zenyewe kwa hesabu nzito kiasi cha kuielemea kompyuta dhaifu.

Lakini kijana wa Makunduchi au wa Wete hahitaji kununua hata hiyo. Ipo programu iitwayo Surge XT, isiyo na malipo, ambayo asili yake, Surge, iliwekwa wazi kwa umma mwaka 2018. Tatizo ni kwamba vijana wengi huichukua sauti ya programu kama walivyoikuta. Osilata zinakuwa zimelingana barabara, na kila noti ibonyezwapo hutoka vilevile kama iliyotangulia. Hapo ndipo penye ubaridi, na hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Aweke mawimbi mawili ya umbo la meno ya msumeno, moja alipandishe kwa senti 3 hadi 6, asizidishe. Kwa noti za chini sana awe na hadhari, kwa kuwa huko kujaa na kupwa huenda polepole, na besi inaweza kutoweka kwa sekunde nzima wakati ngoma inaihitaji. Yafaa wimbi la tatu, chini kwa oktava moja, liachwe peke yake liishike nyumba. Kisha aiongeze ile swichi ya kuziyumbisha osilata, ambayo Surge XT inayo, kwa kipimo ambacho mtu hawezi kukitambua mpaka kiondolewe. Aruhusu pia mawimbi yaanze popote yalipo kila noti ibonyezwapo, badala ya kuanzia mahali pamoja, kwani osilata za umeme hazikuwa zikimngoja mpigaji.

Kuhusu chujio tuna neno la ziada, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Hulifunga mno, wakapata sauti ya mtu aliyejifunika blanketi, wakaiita hiyo joto. Sauti iliyozibwa ni sauti iliyozibwa. Chujio na lishushwe mpaka ule ukali unaochoma uishe, kisha liachwe lifunguke kwa nguvu ya kidole: anayebonyeza kwa nguvu apate mwanga zaidi, anayebonyeza taratibu apate kivuli. Katika Surge XT lipo chujio lililoigwa kutoka ile ngazi ya Moog, nalo likisukumwa kwa kiasi hushiba kama lile la asili. Ila kushiba huko kwa tarakimu kuna hatari yake. Kompyuta inayohesabu mara 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba sauti yoyote inayozidi mitikisiko 22,050. Kinachozidi hakipotei, hurudi chini kimegeuka, kikaangukia nje ya noti, na kusikika kama mchanga wa bati. Wengi wanaoulaumu ubaridi wa dijitali wanausikia mchanga huo. Dawa yake ni kuiambia programu ihesabu kwa wingi zaidi ndani kwa ndani, ingawa mashine itachoka.

Isidhaniwe kuwa kuyumba kwa noti ndiyo siri yote. Roland Juno-60 ya mwaka 1982 ni mtambo wa analojia ambao noti zake huongozwa na saa ya kidijitali, hazihami hata kidogo, wala hapana aliyepata kuiita baridi. Joto lake limo zaidi katika chujio na katika kifaa chake cha korasi, kinachoichukua sauti moja na kuifanya kama kundi. Yule anayemwaga mivumo na mikwaruzo ya bandia juu ya wimbo wake ili ufanane na santuri kuukuu amechukua vumbi la mtambo, akaiacha sauti yake.

Lipo na jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi kuliko watu wa Berlin. Katika taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 kinanda kilichukua nafasi ya ala nyingi, na kwa kuwa kinanda cha kawaida kimegawanywa nusu toni zilizo sawa, robo toni za makamu ya Kiarabu ambazo udi, fidla na kanuni huzifikia bila ya taabu zilipata shida ya kukaa. Programu tuliyoitaja inakubali kupangiwa noti popote mtu atakapo. Hasara iliyoletwa na mashine yaweza kupunguzwa na mashine, maadamu yupo mwenye sikio la kuipangia.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wanaoshughulikia utamaduni, elimu na vijana, pindi yatakapoletwa mbele yao maombi ya kununua mitambo ya kale kwa jina la ubora wa sauti, wayatazame kwa jicho kali. Mitambo hiyo ina umri wa miaka arobaini na zaidi, kapasita zake hukauka, na hewa ya bahari yenye chumvi haina huruma na viungo vya umeme. Fedha hizo hizo zingetosha kompyuta kadhaa, vipaza sauti vya kusikilizia vilivyo vya kweli, na posho ya mwalimu. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kimefundisha kanuni, udi na fidla, na waliopitia mikononi mwake wapo. Mmoja wao aketi na vijana wa studio kwa juma moja. Kila kijana apewe kanuni iliyolegezwa aikaze mwenyewe, noti kwa noti, nyuzi tatu tatu, mpaka azisikie zikikaribiana, kisha ajue mahali pa kuziacha kabla hazijawa moja; na siku ya pili yake aifungue ile programu.